Vipodozi vya bei nafuu vya duka la dawa na supamaketi: anza na nini, acha nini

Kinachokula fedha za wengi kwenye vipodozi ni mpangilio kuliko bei. Mtu ananunua serumu (kimiminika chenye dawa nyingi) ya madoa kabla hajawa na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, au fundesheni ya kufunika chunusi ambazo sabuni ya mche inazichochea kila asubuhi. Orodha hii imepangwa kwa faida ya kila shilingi: kinachotangulia ni kile ambacho kikikosekana, vingine vinafanya kazi bure. Imelenga ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, na hali ya hewa yetu, yaani joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, pamoja na baridi kavu ya Njombe, Arusha na Nairobi.

Jambo moja kabla ya kufika kaunta. Geuza chupa usome viambato. Huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi mbele, hadi kufikia vile vilivyo chini ya asilimia 1 ambavyo hupangwa vyovyote. Losheni iliyochorwa nyuki na asali upande wa mbele, kumbe asali imetajwa baada ya manukato, haina sababu ya kuzidi bei ya losheni nyingine.

1. Sanskrini

Melanini, rangi ya asili ya ngozi, inatukinga na kuungua kwa kiasi, lakini haizuii madoa. Chunusi ikipona inaacha alama nyeusi, na kila jua linapoipiga alama hiyo rangi inaongezeka. Ndiyo maana mtu anaweza kupaka krimu ya madoa miezi sita asione tofauti: usiku anafuta, mchana jua linarudisha.

Chukua SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au 50. Ya 30 inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, ya 50 asilimia 98, kwa hiyo usikope ili upate 50. Kinachoharibu kinga ni kiasi. Mimina mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka shina hadi ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo, karibu gramu 1. Ukipaka tone la ukubwa wa njegere, ile 50 iliyoandikwa kwenye chupa huipati hata kidogo. Kwa kipimo sahihi, chupa ya mililita 50 inakwisha baada ya siku kama 50 kwa anayepaka asubuhi tu. Piga hesabu hiyo dukani: gawanya bei kwa mililita kabla hujasema ipi ni rahisi.

Lawama kubwa ni uso kuwa wa majivu. Hilo hutokana na zinki oksaidi na titani dioksaidi, ambazo ni unga mweupe unaobaki juu ya ngozi. Paka kidogo nyuma ya mkono, subiri dakika tano, kisha itazame nje ya duka, si chini ya taa. Zenye vichujio vya kikemikali na umbile jepesi la jeli au maji ndizo zinazopotea vizuri kwenye ngozi nyeusi. Kwenye supamaketi utapata Nivea Sun na Garnier Ambre Solaire. Maduka ya vipodozi yanaleta Beauty of Joseon ya Korea, inayokaa bila weupe ila inaigwa sana, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye risiti na anwani ya kudumu.

Mwenye mabaka ya kahawia mashavuni, yale yanayowatokea wengi wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango, anahitaji sanskrini yenye rangi. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao huyazidisha mabaka hayo, na unaouzuia ni oksaidi za chuma. Kwenye lebo tafuta namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499.

Anayeshinda juani, iwe gengeni, kwenye bodaboda au shambani, arudie kila saa mbili na kila anapofuta jasho. Wenye ualbino wasikae bila sanskrini hata siku moja. Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, hutolewa kwao bure.

2. Sabuni ya uso

Ngozi ni ya asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) ni karibu 5. Sabuni ya mche, ya magadi na nyingi za kuua vijidudu ziko kati ya 9 na 10. Ule ukavu unaokaza uso baada ya kuoga, ambao watu huuita usafi, ni utando wa mafuta ya ngozi uliong'olewa. Ngozi ya namna hiyo huwasha, hupasuka, na dawa za chunusi huichoma zaidi.

Kwa bei ndogo kabisa, kipande cha Dove cheupe kinatosha: si sabuni ya kawaida bali mchanganyiko wa viosheo laini vyenye pH ya karibu 7. Usikiache kwenye bakuli la maji, kinayeyuka ndani ya wiki. Ukiongeza fedha, Simple ya jeli, kisha Cetaphil na CeraVe, ambazo ni ghali lakini chupa kubwa inakaa miezi. Mwenye ngozi ya mafuta yenye vichwa vyeusi achague ya kuosha yenye asidi ya salisiliki asilimia 2, aiache usoni dakika moja kabla ya kusuuza, kwa sababu ikipita kwa sekunde tano haijafanya kitu.

Osha mara mbili kwa siku. Asubuhi, ngozi kavu inatosheka na maji matupu.

3. Mafuta ya kupaka

Hapa ndipo bidhaa za bei ya chini kabisa zinazishinda za bei ya juu.

Mafuta ya mgando, iwe Vaseline au ya kiwanda kingine, yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi kuliko karibu kiambato kingine chochote. Hayaongezi maji; yanafungia yaliyopo. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu. Toka bafuni, jikaushe nusunusu, paka ndani ya dakika tatu. Kwa uso, kiasi cha punje ya mchele kikisuguliwa viganjani kinatosha, na mwenye chunusi ayaache kwenye midomo, viwiko na miguu. Yasiyo na harufu ni bora kuliko ya pinki yenye manukato, hasa kwa mtoto.

Glisirini ya duka la dawa ni kinyume chake: inavuta maji na kuyashikilia. Makosa mawili huiharibia sifa. La kwanza, kuipaka ikiwa tupu, ambapo inanata na vumbi la barabarani linaganda usoni. La pili, kuchanganya chupa nzima na maji ya waridi na kuiacha dirishani mwezi mzima, hali mchanganyiko huo hauna kihifadhi na vijidudu vinazaliana humo. Weka matone matatu kwenye viganja vilivyolowa, sugua, paka. Inafaa mno Nairobi na Iringa kati ya Juni na Agosti, ukimalizia na mafuta ya mgando juu yake. Dar mwezi wa Februari utatoka jasho la gundi. Hapo chukua losheni nyepesi ya jeli.

Nivea ya kopo la bluu inaunganisha hayo mawili, kwani ina mafuta ya madini, glisirini na panthenoli. Ni nzuri kwa mikono, magoti na uso mkavu, nzito kwa uso wa mafuta. Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na inayeyuka upesi kiganjani. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele, mwili na kuondolea vipodozi. Kwa uso wenye chunusi yanaziba vitundu.

Magaga hayatibiwi kwa jiwe la kusugulia peke yake. Omba krimu ya urea, asilimia 10 kwa ukavu wa kawaida, 20 na kuendelea kwa visigino vilivyopasuka. Paka usiku, vaa soksi. Kwenye mpasuko unaotoa damu subiri kwanza ufunge, vinginevyo inachoma.

4. Dawa moja ya chunusi, si tano

Chagua moja, ipe muda. Benzoili peroksaidi ndiyo ya kuanzia kwa chunusi nyekundu na zenye usaha. Ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya 10, ila ya 10 inakausha ngozi zaidi bila faida. Kwa hiyo ukiambiwa kali ndiyo bora, kataa. Paka eneo zima linalotoa chunusi badala ya kugusa kipele kimoja kimoja, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa wiki mbili, kisha kila usiku. Inababua rangi ya vitambaa: tumia foronya nyeupe, na usijifunike kanga nzuri usoni. Hesabu wiki nane kabla ya kuihukumu.

Kwa vichwa vyeusi na vipele vidogo vya ngozi nzima, jeli ya adapalini asilimia 0.1 ni bora. Njegere moja kwa uso wote, kwenye ngozi iliyokauka kabisa, usiku. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuongezeka. Wengi huacha hapo na kuilaumu dawa. Kazi yake inaonekana kwenye wiki ya 12. Mjamzito asiiguse. Yeye, pamoja na yeyote anayesumbuliwa na alama nyeusi kuliko chunusi zenyewe, aulizie asidi ya azelaiki, asilimia 10 hadi 20, ambayo inashughulikia vyote viwili.

Niasinamidi, kama ile ya The Ordinary ya asilimia 10, ni ya kuongeza fedha zikibaki. Serumu ya vitamini C tunaiweka mkiani: inaharibika kwa joto na mwanga, na kwenye rafu ya duka lisilo na feni unaweza kuikuta imeshakuwa kahawia. Toni (maji ya kufutia uso) zenye spiriti acha. Limau na ndimu usoni acha kabisa, kwa sababu maji yake yakikutana na jua yanaunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi. Singo ya harusi ni ya mwili; kwenye uso wenye chunusi inachubua na kusambaza uvimbe.

5. Vya kujiremba

Ukinunua kimoja tu, kiwe konsila, krimu nzito ya kuficha madoa. L.A. Girl Pro Conceal ni ya bei ndogo, ina rangi nyingi za kwetu, na gramu 8 zake zinadumu. Weusi chini ya macho haufunikwi na rangi nyepesi, unageuka kijivu. Tangulia na ya chungwa, tabaka jembamba, ndipo ile inayolingana na ngozi.

Fundesheni ijaribu kwenye taya, usiijaribu kwenye mkono, na usubiri dakika kumi maana nyingi hukolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Maybelline Fit Me ya aina isiyong'arisha uso (matte) inahimili jasho na ina rangi za kina kama 360 Mocha na 375 Java. Kwa kicheni pati na sendofu zenye picha za usiku, epuka poda nyeupe ya kumalizia: silika na titani dioksaidi zinarudisha mwanga wa flashi, bibi harusi anaonekana kama amepakwa unga. Poda yenye rangi yako haina tatizo hilo.

Midomo: penseli ya kahawia iliyokoza na mafuta ya mgando juu yake vinatosha kwa kazi na harusi. Wanja ndio wa kuangaliwa sana. Ule wa unga usio na lebo unaweza kuwa na madini ya risasi (lead) yenye sumu, na hakuna njia ya kuigundua nyumbani. Nunua penseli iliyoorodhesha CI 77266 au CI 77499, na mtoto mchanga asipakwe wanja wowote wa unga.

Usichopaswa kununua hata kikiwa bure

Mkorogo, na krimu yoyote inayoahidi weupe ndani ya siku saba. Maneno ya kukimbia kwenye lebo ni hydroquinone, mercury (zebaki), mercurous chloride, calomel, clobetasol na betamethasone. Zebaki inaharibu figo, na hata anayebebwa mgongoni anaipata kwa kugusana na mama. Ukiona maelekezo yanayokataza krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, hiyo ni dalili ya zebaki. Steroidi, yaani clobetasol na betamethasone, zinang'arisha upesi, kisha ngozi inakuwa nyembamba, inatoa michirizi na mishipa, na ukiacha chunusi zinafumuka kwa pamoja. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu aende kliniki ya ngozi na kopo lake mkononi, asiruke moja kwa moja kwenye bidhaa nyingine.

Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Kenya, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la huko, yenye namba ya kibali, unayoweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Kagua pia namba ya toleo: iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye chupa lazima zifanane. Herufi zilizokosewa, kifuniko kisicho na muhuri na bei ya nusu ni sababu ya kurudisha rafuni.

Chupa iliyopangwa juani barabarani usiichukue hata ikiwa halisi. Ukifika nyumbani, andika kwa kalamu tarehe uliyofungua. Alama ya kopo lililo wazi lenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia tangu hapo; maskara itupe baada ya miezi mitatu, na usiiongezee maji ikikauka, kwani maji hayo ndiyo yanayoleta macho mekundu.