Vyombo vya maua vya zamani kutoka Skandinavia: uanze na kipi, kipi kisubiri

Kabla ya kuuliza bei, pitisha ncha ya kidole kwenye mdomo wa chombo, mzunguko mzima, taratibu. Macho hudanganywa na mwanga wa sokoni. Kidole kikifika palipomeguka kitakwaruzwa tu, hata kama pengo lenyewe ni dogo kama punje ya ulezi. Mara ngapi nimekirudisha mezani chombo ambacho dakika moja kabla nilikuwa nimeshakipenda!

Naishi Malmö, kusini mwa Uswidi. Theluji ikishayeyuka, Jumapili zangu nyingi huishia kwenye loppis, magulio ya vitu vilivyotumika yanayofanyika kwenye viwanja, maghala na nyua za makanisa. Wazee wanapohamia nyumba ndogo, vyombo vya maua vya miaka hamsini au sitini hutoka kabatini kwa makasha, na vingi huuzwa na watu wasiotaka kuvibeba tena. Ndugu zetu wanaofika huku wakiona rafu yangu huniuliza waanze na kipi. Nimeamua kulijibu swali hilo vizuri mara moja.

Mpangilio wangu unafuata mambo mawili. La kwanza, je, unaweza kukikagua mwenyewe bila kumwita mtaalamu? La pili, je, utakitia maji na maua kila wiki bila moyo kukuruka? Jina la msanii linakuja baada ya hayo. Ndiyo maana chombo maarufu kuliko vyote hakiko juu. Ufini nayo nimeitia humu, ingawa wenyewe watakusahihisha kwamba si Skandinavia. Sokoni vyote hukaa meza moja.

Kwanza ukaguzi

Mama zetu hawanunui chungu bila kukigonga. Kizima hulia, chenye ufa hujibu kwa sauti ya kufa. Fanya vivyo hivyo kwa vyombo vya udongo na kauri: kishike kitako juu ya kiganja kilichofunguliwa, ugonge ubavu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti fupi iliyoziba, kitazame tena kwenye mwanga.

Kioo kina ugonjwa wake. Tazama ndani, chini kabisa, kama kuna ukungu mweupe. Ukungu mwingine ni chokaa ya maji tu: siki iliyotiwa maji ya uvuguvugu, usiku mmoja, unaondoka. Mwingine ni kioo chenyewe kilicholika kwa maji yaliyoachwa humo miaka na miaka, na huo siki haiuwezi. Ubaya ni kwamba ukungu wa aina zote mbili hupotea chombo kikilowa, na wapo wauzaji wanaopaka mafuta ndani ili king'ae. Kwa hiyo tia kidole ndani. Kikitoka na utelezi, uliza kwa nini. Kama ukungu upo na muuzaji hajui ni wa aina gani, lipa bei ya chombo kilicholika, usilipe ya kilicho safi.

Namba 1: vioo vya rangi vya Riihimäki

Riihimäki ni mji mdogo kaskazini mwa Helsinki. Kiwanda chake cha kioo kilianza 1910, na katika miaka ya 1960 na 1970 wabunifu watatu wanawake, Helena Tynell, Nanny Still na Tamara Aladin, walikitolea vyombo ambavyo hadi leo havikosekani sokoni. Vya Aladin utavijua kwa umbo: mwili ulionyooka, kisha unabanwa, unavimba, unabanwa tena, kama bangili zilizopangwa kwenye mkono. Kuna vyekundu, vya buluu, vya kijani, vya rangi ya asali na vya kijivu cha moshi.

Vilipulizwa ndani ya kalibu, kwa wingi, kwa ajili ya sebule za watu wa kawaida, na bei yake bado inashikika. Kioo ni kinene na kitako kina uzito, kwa hiyo hakiangushwi na pazia likipepea. Changu cha kwanza, chekundu, nilikinunua kwa kronor 80 kwa mama mmoja aliyekuwa akikifungia gazeti huku akinisimulia kwamba kilikaa juu ya piano ya mama yake. Kimehama nami nyumba tatu. Hakina hata mkwaruzo mdomoni.

Vingi havina sahihi. Ukibahatika utakuta kibandiko chenye picha ya linksi, yule paka wa mwituni mwenye masikio ya ncha. Kisipokuwepo, pima urefu kwa rula, upige picha ya ubavuni, ulinganishe na katalogi za kiwanda ambazo wakusanyaji wamezisambaza mtandaoni. Uswidi nako viwanda kama Alsterfors na Åseda vilitoa vioo vya rangi vinavyofanana kwa mbali na hivi. Navyo ni vizuri, lakini usilipie jina la Riihimäki kwa kitu cha Åseda.

Namba 2: Baca ya Royal Copenhagen

Hapa kitako chenyewe ndicho kinachozungumza. Baca ni fayensi, udongo laini uliofunikwa kwa ngozi ya kioo, ya kiwanda cha Denmaki kiitwacho Royal Copenhagen, na mtu aliyeuanzisha mtindo huu ni mbunifu Nils Thorsson. Rangi zake ni za ardhi: kahawia, buluu nzito, kijani cha zeituni, pamoja na michoro ya majani na maumbo iliyopakwa kwa mkono hadi unaihisi ukipapasa. Pindua chombo. Utaona jina, mawimbi matatu, herufi za aliyekipaka, na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/): moja ni ya mchoro, nyingine ya umbo. Mawimbi yale ni njia tatu za maji za Denmaki, yaani Øresund, Storebælt na Lillebælt. Nikivuka daraja kwa treni kwenda Copenhagen, huwa naliangalia wimbi la kwanza likiwa chini yangu.

Kama kuna mkwaruzo uliokata mawimbi hayo makusudi, kiwanda kilikihesabu chombo hicho kuwa cha daraja la pili. Bado kinafaa, ila bei ishuke. Kwenye kauri za kiwanda hichohicho kuna siri nyingine ninayoipenda sana: kuanzia 1935 mwaka uliwekwa kwa kistari kidogo juu ya herufi moja ya maneno ROYAL COPENHAGEN. Herufi ni 15, zikatosha hadi 1949, kisha 1950 kistari kikahamia chini ya herufi. Ukiwa na miwani ya kukuzia, unasoma mwaka wa kuzaliwa wa chombo palepale mezani.

Fayensi yenye nyufa nyembamba kama utando inaweza kupitisha maji na kuchafua meza. Tumbukiza glasi ndogo ndani, maua yakae humo.

Namba 3: Per Lütken wa Holmegaard

Kama moyo ungepanga badala ya akili, hiki kingekuwa cha kwanza. Holmegaard, kiwanda cha kioo cha Denmaki, ilianza 1825 karibu na Næstved, na Lütken aliibunia vioo kuanzia 1942 hadi alipofariki 1998. Vyombo vyake vya miaka ya 1950 vinaonekana kama kioo bado kinatiririka: mdomo umevutwa upande mmoja ukawa kama mdomo wa ndege, tumbo limelala kidogo, ukuta mzito chini na mwepesi juu. Rangi zake ni za baharini na za moshi, na rangi hizo hubadilika kadiri siku inavyokwenda. Kimoja changu asubuhi ni kijivu kabisa, na jua la jioni likikipiga kinatoa buluu ya bahari.

Vingi vya miaka hiyo vimechongwa kitakoni jina la kiwanda, mwaka, na herufi PL katikati ya tarakimu za mwaka, kwa mfano 19 PL 58. Papasa kwa ukucha. Maandishi ya kweli yameingia ndani ya kioo na yanayumba kidogo, kwa sababu mtu aliyachonga kwa mkono. Tatizo la vyombo hivi ni mdomo mwembamba ambao hauna msamaha, na mikwaruzo ya ndani iliyotokana na burashi za chupa. Nimekiweka cha tatu kwa ajili hiyo tu. Mwenye watoto wadogo asubiri kidogo.

Namba 4: udongo mzito wa Rörstrand

Rörstrand ni jina la kauri za Uswidi la tangu 1726. Tafuta kazi za Gunnar Nylund na Carl-Harry Stålhane, udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukawa kama jiwe. Stålhane alitengeneza vyombo vyembamba vyenye shingo ndefu ambavyo huwezi kuamini vilitoka kwenye gurudumu la mfinyanzi, na ngozi yake ina michirizi kama manyoya ya sungura. Kitakoni kuna R, taji tatu na herufi za msanii: GN au CHS.

Vidogo vya kujaa kiganjani ndivyo vinavyomfaa anayeanza. Havichukui ua zaidi ya moja, lakini hilo moja utaliona vizuri.

Namba 5: chombo cha Aalto

Hiki ndicho kila mtu anakijua: kioo chenye kuta za mawimbi, kazi ya Alvar Aalto, msanifu majengo wa Kifini, ya 1936, kilichoonyeshwa Paris 1937 na kuitwa pia Savoy kwa ajili ya mkahawa wa Helsinki. Neno aalto lenyewe kwa Kifini ni wimbi. Ni chombo kizuri sana cha kupangia maua, kwa sababu kila kona inashika bua lake bila kufungwa uzi.

Kwa nini basi kimekuwa cha tano? Kwa sababu kampuni ya Iittala bado inakitengeneza. Tofauti ya kipya na cha zamani inahitaji jicho lililozoea: vya mwanzo vilipulizwa kwenye kalibu za mbao, na kuta zake zina ulaini usiokuwa sawa, wakati vilivyofuata vilitoka kwenye kalibu za chuma. Mtu akikutajia bei kubwa kwa neno "zamani" na huwezi kuthibitisha, nenda dukani ununue kipya kwa amani. Au kitafute kwenye maduka ya mitumba, ambako nimewahi kukikuta kati ya bakuli za saladi.

Namba 6: Argenta

Udongo wa kijani wenye picha za fedha: samaki, nguva, maua. Wilhelm Kåge aliuanzisha kwenye kiwanda cha Gustavsberg, Uswidi, mwaka 1930. Ni kitu cha fahari, na ghali. Fedha yake hufifia ikisuguliwa kwa dawa kali, kwa hiyo muuzaji aliyeing'arisha sana huenda amekuondolea nusu ya unachokinunua. Kiache rafuni bila maji.

Cha mwisho: machupa makubwa ya sakafuni

Mwaka 1962 Otto Brauer alitoa Gulvvase ya Holmegaard, chupa ya shingo ndefu inayosimama chini sakafuni, na 1968 Lütken akaja na Carnaby, nyekundu na njano zinazowaka. Ni vizuri, wala sikatai. Lakini vingi havina sahihi, na Italia, hasa mji wa Empoli, ilitoa vioo vya tabaka mbili vinavyofanana navyo mno. Nilinunua kimoja kwa picha tu, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeapa ni cha Brauer. Kilipofika, mabega yake yalikuwa yameanguka, kioo chepesi. Kilikuwa cha Italia, na pesa haikurudi. Usinunue aina hii bila kukishika na bila vipimo vya katalogi mkononi.

Pa kununua

Loppis kwa bei. Myrorna, maduka ya Jeshi la Wokovu, kwa utulivu. Mtandaoni kuna Tradera na Blocket kwa Uswidi, DBA kwa Denmaki, lakini omba picha nne: mdomo, kitako, ndani, na chombo kikiwa mbele ya dirisha. Ufini kuna kirpputori, masoko ya vitu vilivyotumika, ambako wauzaji hukodi meza kwa wiki na hawapo, kwa hiyo hakuna wa kupatana naye, na hakuna wa kukuharakisha pia. Kwenye mnada, uliza ada ya mnunuzi kabla ya kunyanyua mkono, kwani huongezwa juu ya bei uliyoshinda.

Kuvipanga nyumbani

Kioo kipe dirisha. Waswidi wanalijua hilo: Novemba jua likiwa chini, chombo chekundu dirishani hupaka ukuta mzima. Udongo mzito upe kivuli. Hapo ndipo nawakumbuka waashi wa Lamu na zidaka zao, vile vishubaka vya chokaa ukutani vilivyowekewa kauri kutoka China, kila kimoja na nyumba yake. Nilitoa vitabu kwenye rafu moja yenye vyumba vidogo, nikaweka chombo kimoja kila chumba, na vyumba viwili nikaviacha vitupu. Wageni husimama mbele yake kabla hawajavua koti.

Maua yasiwe mengi. Januari maduka ya hapa yamejaa tulipu, na tano zinatosha chombo cha Aladin. Karibu na Pasaka watu hupamba matawi ya mbetula kwa manyoya ya rangi. Matawi hayo ni mazito juu, kwa hiyo yatie kwenye kitako kizito cha Riihimäki, usiyaamini kwa Lütken.

Ukimpelekea mtu nyumbani Tanga au Mombasa, jaza ndani ya chombo soksi hadi shingoni, kikunje kwa kanga mbili, ukiweke katikati ya begi la mkononi. Mwambie anayepokea kwamba kanga ni zake.