Jarida la kabla ya msimu: ratiba safi, ila ranki ya makocha wa SEC hapana

Naandika hii rivyu msimu wa 2025 ukiwa umeshaisha, maana jarida la utabiri ukilisifia mwezi wa saba unakuwa hujalipima bado. Ni yale manene ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, yanapangwa karibu na kaunta ya kulipia kwenye supamaketi huku Georgia, Marekani, jina la hili nililonunua naliacha kwa sababu kwenye ugonjwa ninaotaka kuusema yanafanana karibu yote. Nyota tatu kati ya tano.

Mazuri niyamalize haraka. Kila timu ina kurasa zake, ratiba nzima iko wazi, kikosi kinachotarajiwa kuanza kipo, wachezaji waliobaki na waliohama wametajwa, na karatasi yake sio ile inayokuachia wino vidoleni. Kama wewe ni mgeni wa huu mchezo, umezoea mpira wetu wa miguu na unataka kujua kwa nini mtaa mzima unavaa nyekundu na nyeusi Jumamosi, hapa utapata pa kuanzia.

Sasa njoo ukurasa wa makocha. Wamewapanga makocha wa SEC, ile ligi ya vyuo 16, wengi wa kusini mwa Marekani, kuanzia namba 1 mpaka 16, na vigezo wameviandika kwa sentensi mbili, uzoefu na mafanikio, basi wakaendelea na safari. Mafanikio ya wapi jamani, na kwa hela ya nani? Ukiifuatilia ile orodha vizuri unagundua wamepanga vyuo wakabandika sura za makocha juu yake.

Chukua Brian Kelly wa LSU, yaani Louisiana State, wamemweka juu kabisa huko na wakubwa. CV yake kweli ni nzito, chuo cha Notre Dame alikotoka aliifikisha mbali, sikatai. Lakini pale LSU makocha watatu waliomtangulia, Saban, Miles na Orgeron, kila mmoja aliondoka amebeba ubingwa wa taifa, 2003, 2007 na 2019. Maana yake hicho ni chuo ambacho vipaji viko hapo hapo Louisiana, hela ipo, uwanja umejaa, kazi ya kocha ni kutoharibu. Kelly kapewa mkataba wa miaka 10, kashinda mechi 10, halafu 10, halafu 9, na Oktoba 2025 baada ya kupigwa nyumbani na Texas A&M 49-25 wakamtimua, na fidia inakaribia dola milioni 54. Huyo ndiye jarida linaniambia ni wa juu.

Halafu shuka chini kabisa umtafute Clark Lea wa Vanderbilt. Chuo cha binafsi pale Nashville, masomo magumu, kwa miaka mingi wenzake wa SEC wakiona Vanderbilt kwenye ratiba wanahesabu wikendi ya mapumziko. Lea alisoma na kucheza hapo hapo, akarudi kama kocha, 2023 akamaliza 2-10, yaani ushindi mara mbili na vipigo kumi, na kila mtu akajua anafukuzwa. Mwaka uliofuata akamchukua kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, Diego Pavia kutoka New Mexico State, mtu ambaye vyuo vikubwa havikumtaka, wakaifunga Alabama ikiwa namba 1 ya taifa, 40-35, mashabiki wakang'oa magoli wakaenda kuyatupa mtoni. Jarida lilichapwa BAADA ya hayo yote na bado likamuacha chini! Msimu wa 2025 akashinda mechi 10, kitu ambacho kile chuo hakijawahi kukiona toka kianze kucheza. Sasa niambie, ukiwabadilishia ofisi Kelly na Lea, nani angekula hasara?

Swali langu kwa kila kocha ni hilo hilo tu, amekuta nini na amefanyia nini. Mark Stoops wa Kentucky kwa mfano, chuo cha mpira wa kikapu kile, na jamaa alimpita Bear Bryant, kocha gwiji wa zamani, kwa idadi ya ushindi pale. Lakini naye mwishoni aliishiwa, na ameondoka, siwezi kumtetea mpaka leo.

Tena hilo la kuondoka ndilo linaloiua ile ranki. Kati ya makocha 16 waliopangwa, sita hawapo tena pale walipopigiwa picha. Pittman wa Arkansas, Napier wa Florida, Kelly, Freeze wa Auburn na Stoops wametimuliwa, na Kiffin wa Ole Miss kahama mwenyewe. Sisemi jarida lilitakiwa liwe mganga, ila angalau sentensi moja kwa kila mmoja kuhusu kiti chake kina moto kiasi gani, basi. Napier na Pittman hata mtoto alikuwa anajua.

Namba 1 wamempa Kirby Smart wa Georgia na hapo tumebishana na washikaji mpaka chai imepoa. Mimi namuunga mkono, makombe mawili ya taifa mfululizo, 2021 na 2022, na ubingwa wa SEC 2024 na 2025. Mshikaji wangu mmoja anashikilia kwamba mpaka Septemba 2025 Smart alikuwa 1-7 dhidi ya Alabama, na DeBoer, kocha wa Alabama, amemfunga mara mbili kwenye misimu miwili. Hoja nzuri, jarida halikuigusa kabisa. Ila Desemba fainali ya SEC Smart akamjibu 28-7, na DeBoer akaenda kwenye mechi ya mtoano ya Rose Bowl akala 38-3 mbele ya Indiana, ubishi ukapungua sauti kidogo.

Kwa Kiffin ndo nimekwama. Kaifikisha Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, 11-1, kaingiza timu pleyofu, ule mtoano wa kutafuta bingwa wa taifa, halafu kabla hata mechi ya kwanza ya mtoano haijachezwa kakimbilia LSU. Msaidizi wake Pete Golding akashika timu ile ile, akaitoa Tulane, akaitoa na Georgia ya Smart 39-34. Hiyo sifa unampa nani? Aliyejenga au aliyekuwepo siku ya kazi? Mimi nampa Kiffin nyingi, lakini mechi ya Georgia ni ya Golding, usiniambie kitu.

Kwa hiyo kama unataka ratiba na majina ya vikosi, nunua, hela yako haijapotea. Kama unanunua kwa ajili ya kubishana makocha, subiri rafiki anunue usome lake. La 2026 nitalichukua, na nitafungua moja kwa moja kwenye LSU kuona Kiffin wamempa namba ngapi kabla hajashinda mechi hata moja pale.