Seti ya hatua za ukuaji wa wanyama: chura safi, panzi wamemkosea

Seti ina wanyama wanne: kipepeo, chura, kuku na panzi. Kila mmoja ana sanamu nne ndogo za plastiki ngumu na kadi ya kuzipangia. Nafundisha sayansi watoto wadogo, na kwa chura peke yake ningeinunua tena.

Seti nyingi huruka kutoka kiluwiluwi mwenye mkia hadi chura kamili, mtoto akabaki hajui miguu imetoka wapi. Hawa wamemweka na yule wa katikati: miguu ya nyuma imeshanenepa, ya mbele ndiyo kwanza imejitokeza, mkia umefupika lakini bado upo. Ndivyo ilivyo hasa. Miguu ya nyuma hutangulia kuonekana, na mkia haukatiki ukaanguka, bali mwili huunyonya polepole, huku mapafu yakishika kazi iliyokuwa ya matamvua, yale ya kupumulia majini. Mwanafunzi mmoja aliigeuzageuza ile sanamu, akapitisha kidole mkiani, akauliza, "Mwalimu, huyu sasa anapumulia wapi?" Kipindi kizima kikaishia hapo, na nilifurahi mno.

Kipepeo naye amefanyiwa kazi nzuri. Kiwavi ana miguu yake sita ya kweli karibu na kichwa, na ile minene ya kushikilia jani iko nyuma. Kuku ni wa kawaida, ila kifaranga anayeanguliwa wamemwekea kile kijino cha juu ya mdomo anachovunjia ganda baada ya siku 21.

Tatizo ni panzi. Wamempa pupa, ile hatua ya kiwavi kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo! Panzi hana pupa. Tunutu, yaani panzi mchanga, hutoka kwenye yai akiwa tayari anafanana na wazazi wake, ila hana mabawa; hujivua ngozi mara kadhaa, na vibawa huongezeka kadiri anavyojivua. Inaonekana walitaka kila mnyama ajaze nafasi nne kama kipepeo. Kwa kifaa cha kufundishia hilo si dogo, maana mtoto huamini anachokishika. Wangeweka tunutu wawili, mdogo na mkubwa, ingetosha.

Pupa ya panzi nimeiondoa, na mahali pake nimebandika mchoro wa tunutu mwenye vibawa vifupi. Nunueni, ila wenye watoto wachanga nyumbani wafiche mayai ya kipepeo: ni madogo, yanamezeka.