Ukumbi wa mazoezi wa Milimani, Kisumu: daftari lilinifaa kuliko vyuma

Nilijiunga na ukumbi huu mdogo wa mtaa wa Milimani nikiwa na azma ya kupunguza kilo 10, lakini mkufunzi alilikata lengo hilo kwa kalamu na kuandika jingine: kutembea haraka au kuendesha baiskeli dakika 30, siku 5 kwa wiki, yaani zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa watu wazima. Kila jioni hutia alama kwenye daftari langu, ambalo kurasa zake zimekwisha kujikunja kwa jasho, na aibu ya kuacha kisanduku kitupu ndiyo inayonitoa nyumbani hata mvua inaponyesha. Bafu ni moja tu, na maji hukatika.