Uzoefu wangu na dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji: sindano moja na jibu la ovyo

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nilipoanza, hasira zilinizidi. Si muda mrefu uliopita niliondolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, chini ya nusu kaputi, na upasuaji wenyewe sina neno nao. Kilichonikera ni kutapika kulikofuata, na zaidi ya kutapika, jibu nililopewa nilipoomba msaada.

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji niliulizwa kama navuta sigara, kama huwa nachafukwa na roho safarini, na kama niliwahi kutapika baada ya dawa ya usingizi. Nilijibu kwamba sivuti, kwamba basi likikata kona mbili tu nimeshaomba mfuko, na kwamba upasuaji wangu wa awali ulinitapisha usiku kucha. Yote yaliandikwa kwenye faili mbele ya macho yangu. Maswali hayo si porojo. Tangu 1999 wataalamu wa usingizi wana kipimo chepesi kiitwacho cha Apfel, chenye alama nne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au kuchafukwa safarini, na kutarajiwa kupewa dawa za maumivu za jamii ya mofini. Asiye na alama hata moja, uwezekano wake wa kuugua kichefuchefu au kutapika ni kama asilimia 10. Mwenye zote nne, ni kama asilimia 80. Mimi ninazo zote nne. (Kwamba mvuta sigara ndiye mwenye nafuu hapa ni kejeli ambayo bado inanichoma.) Pamoja na hayo yote, nilichomwa dawa moja tu ya kuzuia kutapika, ondansetroni, miligramu 4, basi.

Nilizinduka mate yakiwa yamenijaa kinywani kabla hata sijatambua niko wapi. Kila nilipokakamaa kutapika, mishono ilivutika hadi nikawa nimekumbatia beseni kwa mkono mmoja na kulibana tumbo kwa mwingine, na kilichotoka kilikuwa maji ya kijani machungu. Nikamwita muuguzi. Alinijibu kutoka mezani kwake, bila kuinua macho kwenye simu: “Mama, vumilia, kila anayepasuliwa hutapika.” Nilipozidi kumsihi alikuja akaniongezea dawa ileile, akarudi kuketi. Jibu lake si kweli, kwani wengi hawatapiki kabisa, na hata hiyo sindano ya pili ilikuwa ya kunifunga mdomo tu: dawa ikishindwa ndani ya saa sita za mwanzo, mwongozo wa tiba unataka ibadilishwe kwa ya jamii nyingine, wala si kurudiwa.

Nilikusudia kuandika hapa kwamba ondansetroni haifai. Nikikaa nikatulia, naona nitakuwa nimeionea. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2004, wa wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba ondansetroni, deksamethasoni na droperidoli kila moja hupunguza hatari kwa takriban robo, na kwa kuwa kila moja hupita njia yake mwilini, zikiunganishwa faida zake hujumlishana. Robo ya 80 ni 20. Kwa hiyo mtu kama mimi akipewa moja tu, anabaki na kama 60. Ilinipasa kupewa deksamethasoni mwanzoni mwa usingizi, kwa kuwa huchelewa kufanya kazi, na ondansetroni kuelekea mwisho, na ikiwezekana nilazwe usingizi kwa propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, badala ya gesi, ambayo yenyewe huchochea kutapika. Dawa ilifanya sehemu yake, ila ilitumwa vitani peke yake. Kwa uzuri wake haileti usingizi. Kwa ubaya, iliniachia kichwa kinachogonga na choo kigumu, mambo mawili ambayo hakuna aliyenitahadharisha.

Usiku zamu ilipobadilika alikuja muuguzi mwingine, akalifungua faili na kulisoma akiwa amesimama kando ya kitanda changu. “Pole sana, mama. Hii imeshindwa, hatuirudii tena. Ngoja nimpigie daktari.” Muda mfupi baadaye alinipa prometazini, dawa ya jamii nyingine, nikasinzia, na nilipoamka beseni lilikuwa kavu. Kwa ajili yake nilitaka kuipa huduma nzima alama nzuri, na kweli nilikuwa nimeshaziandika. Nimezifuta. Nilimwona alikoitoa ile dawa: ilikuwa kwenye kabati lililo nyuma ya meza ileile ambapo mwenzake aliketi mchana kutwa akiniambia nivumilie.