Sabuni au kitakasa mikono? Cha kununua ukiwa mtu wa kushinda njiani

Mimi ni wakala wa pesa za simu, Kariakoo. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama napokea noti kutoka kwa wabeba mizigo, wauza samaki, kina mama wanaotoka sokoni na vijana waliokunja elfu kumi mara nne wakaisokomeza kwenye soksi. Kabla ya hapo nimeshashika bomba la daladala kutoka Gongo la Mboto. Saa saba nakula ugali, tena kwa mkono. Kwa hiyo vitu vya kujikinga na vijidudu nimevinunua karibu vyote, na nusu yake ilikuwa hasara. Nimevipanga hapa kwa mfuatano ambao ningempa mdogo wangu akiwa na hela ya kununua kimoja tu, halafu cha pili, halafu cha tatu.

1. Sabuni ya kipande

Ndiyo, ile ile ya kuogea. Watu hucheka nikiitoa mfukoni, lakini nenda choo chochote cha kulipia stendi uone. Maji yapo, mtoza hela yupo na chenji anayo, ila sabuni imeisha tangu juzi. Asiyekuwa na yake anachovya vidole, anakung'uta, anaondoka akijiona kanawa.

Sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Uchafu na vijidudu vimeng'ang'ania kwenye mafuta ya ngozi, sabuni inavibandua, maji yanavisomba. Virusi vyenye koti la mafuta, kama cha korona na vya homa ya mafua, inavipasua kabisa. Vile visivyo na koti, kwa mfano norovirusi inayoleta kutapika na kuhara, ni sugu kwa spiriti ya kwenye kitakasa, lakini mbele ya sabuni na maji vinaondoka vikiwa hai vikaishia kwenye mtaro. Wa Dar mnakumbuka macho mekundu ya Januari 2024. Ugonjwa wa aina ile mara nyingi huletwa na adenovirusi, nacho hakina koti. Siku zile ofisini kwangu chupa ya kitakasa ilikuwa mezani muda wote na bado tuliugua watatu. Siwezi kuapa tuliupatia wapi, lakini tangu hapo kitakasa nilikishusha namba.

Ununue ipi? Inayotoa povu la kutosha na isiyokupasua ngozi, basi. Usiongeze hata shilingi mia kwa sababu imeandikwa kwamba inaua bakteria. Septemba 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 vya kuua bakteria kwenye sabuni za kunawia za kawaida, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu au kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya mche nayo inasafisha vizuri tu. Kosa lake ni ukali. Ukinawa nayo mara kumi kwa siku, mgongo wa mkono unakuwa kama gome la mwembe.

Kata kwa kisu kipande cha ukubwa wa kiberiti, weka kwenye kijaluba. Kijaluba kiwe na matundu chini, maana sabuni inayolala kwenye maji hugeuka uji na kukuharibia begi. Kwa bei ya chupa ndogo ya kitakasa mimi napata sabuni mbili, na moja inanisukuma mwezi na siku kadhaa.

Maji je? Chupa ya nusu lita. Pasha msumari, toboa mfuniko tundu moja. Ukiiminya unapata mchirizi mwembamba, na nusu lita inatosha kunawa mara mbili bila kumwomba mtu akumiminie. Maji ya baridi hayana tatizo lolote. Cha muhimu ni kusugua sekunde 20, pamoja na kati ya vidole, kwenye kucha, na kidole gumba ambacho karibu kila mtu hukiruka.

2. Kitakasa mikono

Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye daladala huwezi kunawa. Ukiwa na foleni ya wateja sita huwezi kunawa. Kitakasa kizuri kinafaa sana hapo. Shida ni neno "kizuri". Geuza chupa usome nyuma. Unatafuta etanoli au isopropili, ndizo spiriti zenyewe, na namba ya asilimia mbele yake. Chini ya 60, irudishe rafu. Shirika la Afya Duniani lina fomula mbili za kutengeneza kitakasa: moja ina etanoli asilimia 80, nyingine isopropili asilimia 75, na zote mbili zina glisirini kidogo ya kulinda ngozi. Kama asilimia haikuandikwa popote, au kilichoandikwa ni harufu ya ndimu na picha ya mikono inayong'aa, hayo ni manukato.

Wala usidhani kali zaidi ndiyo bora. Spiriti tupu ya asilimia mia inafanya kazi vibaya kuliko ya 70, kwa sababu maji kidogo yanahitajika ili protini za kijidudu ziharibike. Na kwa wale waliokuwa wanapaka Konyagi wakati wa korona: ni asilimia 35. Mlipoteza kinywaji.

Kuna hatari nyingine, nayo haionekani kwa macho wala kwa kunusa. Mwaka 2020, mahitaji yalipopanda, viligundulika vitakasa vingi vyenye methanoli, spiriti yenye sumu inayoweza kupofusha na kuua, na FDA ikatoa orodha ndefu ya vya kuepuka. Kwa hiyo nunua duka la dawa au dukani kwenye risiti, chupa iwe na jina la mtengenezaji, tarehe, na alama ya shirika la viwango, yaani TBS, au KEBS ukiwa Kenya. Niliwahi kununua kimoja kituoni, dirishani mwa basi, nusu ya bei. Nilipaka saa nne, saa nne na robo bado vidole vinanata, noti ya mteja ikaganda kwenye kidole gumba. Nilipoichunguza ile chupa nikakuta lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine.

Kipimo nacho. Watu wanadondosha tone la ukubwa wa punje ya harage. Kinachotakiwa ni kijazo cha kiganja, kama mililita 3. Piga hesabu: chupa ya mililita 50 ni mara 16. Ukipaka mara nne kwa siku, siku ya tano chupa ni tupu. Mkono ukikauka kabla hujahesabu hadi 15, ujue ulipaka kidogo. Ndiyo maana chupa ndogo ni ghali kuliko inavyoonekana. Mimi nanunua ya nusu lita, nakaa nayo dukani na kujazia ile ya mfukoni.

Jeli au ya kupuliza? Jeli. Ya kupuliza, ukikaa dirishani kwenye daladala, nusu inampata jirani. Mfuniko uwe wa kuzungusha, maana ule wa kubonyeza hufunguka begini. Usiiache kwenye gari lililopigwa na jua, usiisogeze kwenye jiko wala sigara kabla mikono haijakauka, na iweke mbali na watoto, kwani wanaionja.

Na mikono yenye shombo la samaki au oili haifai kitu kupakwa kitakasa. Nina wateja wa Feri, soko la samaki, wananyoosha kiganja niwawekee. Nawawekea, sikatai, lakini spiriti haipenyi shombo lile. Wao ni watu wa namba moja.

3. Kitambaa cha mkononi

Kimedharauliwa bure. Mkono mbichi hubeba na kuambukiza vijidudu kirahisi kuliko mkavu, na wengi wetu tukishanawa vizuri tunajifuta kwenye suruali iliyokalia siti ya daladala. Nunua viwili vya pamba, au kata kanga iliyochakaa ushone pindo. Kimoja cha mikono, kingine cha jasho na chafya, visichanganywe. Vifuliwe kila siku.

4. Tishu za maji

Zile za kufutia watoto zimetengenezwa kuondoa uchafu, nyingi hazina spiriti ya maana. Zinafaa kumfuta mtoto mikono safarini. Za kuua vijidudu zipo, lakini hizo nyingi ni za kufutia meza na vitasa, soma maelezo kabla hujapaka ngozini. Kwa matumizi yangu, za kufutia mashine ya alama za vidole, ambayo siku nzima inaguswa na kila mtu anayekuja kusajili laini, ndizo pekee ninazolipia. Usizitupe chooni, zinaziba.

5. Glavu

Hapana. Glavu inashika noti, inashika simu, inajikuna pua. Kijidudu hakijali kama kinapanda ngozi au mpira, na aliyevaa hajisikii uchafu kwa hiyo hanawi. Mpishi au muuguzi ana sababu yake na anazibadilisha. Mimi nilinunua boksi zima, nimebaki nalo napakia rangi.

Kama una kibanda

Hesabu inabadilika. Nunua ndoo ya lita 20 yenye koki kabla ya kitu kingine chochote. Kijijini kibuyu chirizi kinafanya kazi ile ile kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga, bila kugusa koki. Sabuni ya kipande ikiwa inaibiwa, tengeneza maji ya sabuni: Bangladesh wamekuwa wakichanganya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, bei yake haifikirishi na wachache huiba. Jiki ni ya sakafu na vyombo, usiinawie.

Mama lishe wetu alikuwa na jagi na beseni. Anayemimina akichoka, watu wanachovya, na wa kumi ananawa maji ya wale tisa. Siku moja nikamwambia, "Shikamoo mama, tukikuletea ndoo ya koki utaiweka?" Akasema, "Marahaba mwanangu, leteni, ila maji mtachota nyie?" Tulichanga sita. Maji anachota kijana wake. Sabuni iko kwenye chupa ya soda iliyotobolewa mfuniko, imefungwa kwa kamba ya katani kwenye mpini wa ndoo, kwa sababu wiki ya kwanza zilipotea tatu.