Korg TM-60 kwa mwanafunzi wa bendi: inafaa nyumbani, lakini nunua yenye kibanio

"Kafanyie mazoezi kipande cha pili." Kazi ya nyumbani ikiandikwa hivyo kwenye daftari, Jumatatu mtoto anarudi anakimbia penye noti rahisi na kujikwaa palepale alipojikwaa Ijumaa. Kosa si la mtoto. Hakupewa kipimo. TM-60 ya Korg, kampuni ya Japani, ni mashine ndogo ya kutuni (kuweka sawa sauti ya ala) na ya kuhesabu mapigo kwa tiki, nayo inampa vipimo viwili kwenye skrini moja kwa wakati mmoja: mapigo kwa dakika, kuanzia 30 hadi 252, na senti, yaani noti imepanda au imeshuka kiasi gani. Inaenea kiganjani, inatumia betri mbili za AAA, na umeme ukikatika mazoezi hayasimami.

Upande wa sauti ndio unaowachanganya wengi, tuanzie huko. Mpiga tarumbeta anapuliza do yake bila kubonyeza pistoni, skrini inaandika B flati, naye anadhani kidude kibovu. Si kibovu. Kinaonyesha sauti halisi inayosikika, na tarumbeta ya kawaida ni ala ya B flati, kama klarineti. Mwenye saksafoni ya alto ataona E flati kwa do yake. Mwalimu abandike karatasi mgongoni mwa mashine yenye noti tano za kwanza: unachosoma upande huu, kinachotokea kwenye skrini upande ule.

Halafu kuna joto letu. Joto la hewa likiongezeka nyuzi moja, sauti ya ala ya kupuliza hupanda kwa takribani senti 3, na nusu-sauti nzima ina senti 100 tu. Kwa hiyo alasiri ya Februari huko Ngamiani, Tanga, tarumbeta iliyolala ndani ya chumba cha bati itasoma juu hata mtoto akipuliza vizuri. Dawa si kulegeza midomo, maana hapo noti zote zinakufa. Apulize dakika tano kwanza, kisha avute mrija mkuu, ule wa kutuni ala nzima. Kuvuta sentimita 1 kunaongeza sentimita 2 za bomba, kwa sababu mrija una pande mbili, na sauti inashuka kwa senti 20 na ushee. Akishatuni noti moja, asihangaike kuilazimisha kila noti ikae katikati ya kipimo. Re ya chini inayotumia pistoni 1 na 3 huwa juu kwa maumbile ya ala, na inarekebishwa kwa kusukuma mrija wa pistoni ya tatu nje kwa kidole. Mi ya wazi, ile isiyo na pistoni, huwa chini kidogo.

Kabla ya yote hayo atazame kama skrini inasoma 440, kipimo cha noti ya la (hezi 440) ambacho ala zote hutuniwa kwacho. Vitufe hivi vidole vya watoto huvigusa bila kujua, ikawa 445, na jioni nzima inapotea kufukuza sauti isiyo ya bendi.

Hapa ndipo kibanio kinapolipa. TM-60C inakuja na maikrofoni ya kubana kwenye ukingo wa mdomo wa tarumbeta, inayosikia mtetemo wa ala yenyewe. Bila hiyo, maikrofoni ya ndani inadaka redio ya jirani, pikipiki inayopita na hata tiki za mashine yenyewe. Kwa nyumba zetu za ukuta kwa ukuta tofauti ni kubwa. Na anayeziba mdomo wa tarumbeta kwa kanga asiwasumbue majirani asitumie muda huo kutuni, kwani kitambaa kinapotosha sauti.

Upande wa mapigo ni rahisi zaidi. Tuseme wimbo wa gwaride unakwenda 96. Mtoto anaanza 60, anapiga sehemu aliyopewa mara tatu mfululizo bila kosa, anaongeza 4. Akikosea mara ya tatu, hesabu inarudi sifuri. Jioni ya kwanza aishie 68, ya pili 80, ya tatu 88, ya nne 96. Wengi huruka moja kwa moja hadi 96, na wanachokariri ni kosa. Akifika, aweke 48 ili tiki isikike kila pigo la pili. Anayekimbia ataumbuka hapo hapo. Kwenye daftari aandike namba aliyofikia na mahali alipokwama, basi. Mzazi asiyejua noti anaweza kusoma 80 kwenye skrini na kutia saini.

Kasoro zipo. Spika ni dhaifu: tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu inaimeza tiki, na mpiga ngoma ndiye haisikii kabisa. Tumia tundu la spika za masikioni, upande mmoja tu, sikio la pili libaki kwa ala. Mpiga ngoma akipigia soli ya kandambili iliyogundishwa kwenye ubao, tatizo linaisha na nyumba inapumua. Chumvi ya pwani nayo haina huruma. Likizo ikifika betri zitolewe. Za alkalini zikivuja, futa vyuma kwa pamba yenye ndimu kidogo, kausha, ndipo uweke mpya.

Programu za bure za simu zinafanya karibu kazi yote hii, na kama mtoto ana simu yake hakuna haja ya kununua kitu. Ila simu nyingi ni za mama, zinarudi nyumbani baada ya Magharibi, na zikifika zinaita. Muda mzuri wa kupuliza ni kati ya Alasiri na Magharibi, dakika 25: tano za noti ndefu, tano za ngazi, kumi na tano za kazi ya mwalimu.

Bendi yenye bajeti ya vidude viwili tu inunue viwili vya TM-60C, vizunguke kwa zamu, usiku mbilimbili kila mtoto. Wapuliza tarumbeta waanze. Wa ngoma wanaweza kusubiri.